Kiangazi Kimoja na Mtoto

Tulipokuwa seminarini tulifundishwa majira manne ya mwaka, tukayakariri kama tulivyokariri sala: majira ya kuchipua, majira ya joto, majira ya kupukutika majani, na majira ya theluji. Nilipata alama nzuri katika somo hilo, ingawa theluji sikupata kuiona, na miembe ya seminari haikuangusha majani yake yote hata siku moja. Huku kwetu Kalemie majira ni mawili tu, kiangazi na masika. Kiangazi huanza katika mwezi wa tano, na mvua hurudi kuelekea mwisho wa mwezi wa tisa au mwanzo wa mwezi wa kumi. Mambo haya mtu huyajua bila kitabu. Lakini nakiri kwamba mimi, niliyezaliwa kando ya ziwa hili, niliyajua kwa macho tu. Ilinipasa kufikia umri wa miaka thelathini na minne, tena niwe na mtoto mgongoni, ndipo nilipojua kugeuka kwa majira ni kitu gani.

Nisimulie basi. Likizo kubwa ya mwaka jana ilipoanza, mtoto wetu wa kwanza alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne. Mama yake hufanya biashara ya ndagala, ndio wale dagaa wa ziwa letu. Huwanunua ufukoni, huwaanika, kisha huwauza sokoni. Biashara hiyo haina likizo. Tena ninyi mlio walimu mwajua jinsi mshahara wa mwalimu unavyokuja kwa mwendo wake wenyewe, kwa hiyo sikuwa na neno la kumwambia mke wangu kuhusu ndagala wake. Binti wa kaka yangu, aliyekuwa akikaa kwetu na kumlea mtoto, alirudi kwa wazazi wake mara shule zilipofungwa. Jioni ile ile mke wangu aliniuliza kwa upole, huku akichambua sombe:

"Mwalimu, kuanzia kesho hufundishi. Mtoto atakaa na nani?"

Nilitazama huku na huku kana kwamba katika ua wetu yupo mtu mwingine. Hakuwapo.

Siku za kwanza niliona haya. Kwetu mwanamume humbeba mtoto akienda naye kanisani au kwa mganga; kumfunga mgongoni kwa kikwembe na kwenda naye kuchota maji ni jambo jingine. Vijana wenye pikipiki waliokaa kwenye kona walinisalimu, "Mama Mwalimu, habari za asubuhi?" Nikawajibu nzuri. Baada ya juma moja waliacha, kwa sababu mzaha hauna ladha asipopatikana wa kukasirika. Tena mmoja wao alikuja faraghani kuniuliza namna ya kukifunga kikwembe kisilegee. Mke wake alikuwa amejifungua.

Darasani nina wanafunzi zaidi ya hamsini, na nikiinua mkono wananyamaza. Mtoto huyu mmoja sikuweza kumnyamazisha. Alikula makaa. Alitupa kiatu changu katika ndoo ya maji. Alimfuata kuku wa jirani mpaka chini ya kitanda cha jirani, nami nikasimama mlangoni nikiomba radhi. Kila kitu alikiita "ma": maji ni ma, mama ni ma, ziwa ni ma. Nilijaribu kumsahihisha, kisha nikaona kwamba kosa lake lina akili. Katika lugha yetu neno ziwa ni la yale maji makuu mbele ya mji wetu, na ni la titi la mama pia. Sisi tumeyatofautisha kwa mazoea tu.

Kiangazi huko kwetu ni kizuri, hasa asubuhi. Jua huchomoza kutoka ziwani. Upepo wa kusini-mashariki huvuma miezi hiyo yote, hulitia ziwa povu jeupe, na usiku huwa baridi hata mtoto huhitaji blanketi mbili. Nyasi za vilimani huchomwa, moshi hutanda, na milima ya Tanzania ng'ambo, ambayo wakati wa masika huonekana wazi baada ya mvua kunyesha, hupotea kabisa. Mvua hamna, matope hamna, mbu ni wachache. Kila asubuhi nilimtembeza mtoto. Tulikwenda bandarini kutazama mashua, tukaenda kwenye reli ambayo ilifika hapa mwaka 1915, mji ulipokuwa ukiitwa Albertville. Mara nyingi tulikwenda pale Mto Lukuga unapoliacha ziwa. Ziwa letu hupokea mito mingi, nao Lukuga ndio mto pekee unaotoka humo kwenda kuungana na Lualaba. Stanley alipofika hapo mwaka 1876 alikuta mlango wa mto umezibwa na mchanga na mafunjo, na maji hayatoki. Miaka michache baadaye ziwa lilijaa, likauvunja ukingo ule, na mto ukaanza kwenda kwa nguvu. Nilimweleza mwanangu hayo yote kwa sauti ya darasani. Yeye alikuwa akitia mchanga katika mfuko wangu.

Sehemu fulani za ufuko hatukuweza kupita. Mwaka 2024 ziwa lilipanda likaingia katika mitaa ya chini, na hata lilipopungua nyumba nyingine zilibaki zimebomoka. Wenye nyumba hizo walihamia juu vilimani, wakajenga palipopatikana, bila bomba na mara nyingi bila choo cha maana. Nawaomba wasomaji walikumbuke hilo, maana maji ya mvua huanzia huko juu.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe. Mwezi wa nane ulipokwisha niliona ni wakati wa kumwachisha mtoto ziwa. Mimi ndiye niliyeona hivyo. Mke wangu alikuwa akisitasita. Nilisema kwamba shule inafunguliwa, na mama hawezi kusafiri kwa biashara akiwa na mtoto wa kunyonya, naye mtoto ana meno ya kutosha kula bukari kama watu. Maneno yangu yalipangwa vizuri, la kwanza na la pili na la tatu. Ilibaki kupata njia. Njia inayotumika kwetu ni mama kuondoka siku chache, mtoto alie, asahau.

Mama mkwe wangu, ambaye nyumba yake ni avenyu ya pili kutoka kwetu, alisikia habari hiyo. Hapa niwaeleze walio mbali: kwetu mkwe na mama mkwe wake huheshimiana hata kuogopana. Sili mbele yake, simtazami usoni, naye hanisemeshi moja kwa moja kama hapana sababu kubwa. Akiwa na neno kwangu, humwambia mjukuu. Siku hiyo alimpakata mtoto mapajani, akamwambia kwa sauti ya kutosha:

"Mjukuu wangu, mwambie baba yako kwamba mtoto huachishwa ziwa katikati ya kiangazi, au hungojewa mpaka mvua zizoeleke. Haachishwi mvua zinapogeuka. Kitu kimoja kikibadilika, mtoto hustahimili. Viwili kwa pamoja ni vingi."

Nilicheka kidogo, kwa adabu. Nilidhani ni mwiko wa wazee, kama ile mingine ya mayai na ya kufagia usiku. Sikumjibu.

Shule zilifunguliwa, na binti wa kaka yangu akarudi. Katika mwezi wa tisa upepo ulilegea, joto likaongezeka, na mawingu yakaanza kukusanyika alasiri juu ya vilima. Watu walipanda juu ya mapaa kupigilia mabati. Wavuvi wa ndagala hutaka usiku wa giza, kwa kuwa samaki hao hufuata taa, na mwezi ukiwaka taa hazina nguvu. Basi giza la mwezi lilipofika mke wangu alipanda boti siku ya Ijumaa kwenda vijiji vya kusini, kwa njia ya Moba, ambako ndagala ni rahisi. Angerudi Jumapili jioni. Alipokwisha kumkabidhi mtoto kwangu hakugeuka nyuma, nami nilijua kwa nini hakugeuka. Mtoto alinyosha mikono upande wa maji akilia "ma, ma," na safari hii sikuweza kujua analilia lipi.

Usiku ule ule mvua ya kwanza ilinyesha. Ninyi mwaijua harufu yake! Watu wote wa mtaa waliamka kwa furaha, wakatoa ndoo na masufuria nje. Asubuhi mifereji ilishuka kutoka vilimani ikiwa na rangi ya kahawa, ikachukua uchafu wa miezi minne, majani na majivu na yale yote ambayo watu wasio na choo huyaacha kichakani, ikayapeleka ziwani. Bomba la mtaa wetu lilikuwa kavu tangu siku tatu. Binti alichota ziwani kama kawaida, bidoni mbili. Maji yalikuwa mekundu.

Nilitaka kuyachemsha, lakini gunia la makaa lilikuwa limeachwa nje likalowa, na mbabula ikatoa moshi tu. Basi nikafanya hesabu yangu. Niliyaacha maji yatulie katika mtungi mpaka jioni, udongo ukashuka chini, na ya juu yakawa meupe kabisa. Nikachota kwa kikombe nikayatazama mbele ya dirisha. Safi! Nikamnywesha mtoto, naye alikunywa sana, kwa kuwa alikuwa amelia mchana kutwa na ziwa la mama halikuwapo.

Mimi nimefundisha darasani kwamba vijidudu havionekani kwa macho. Nimemtaja Robert Koch na kazi yake ya miaka ya 1883 na 1884 juu ya kijidudu cha kipindupindu. Nimewaambia watoto kwamba mji wetu ni miongoni mwa miji ya Kongo ambamo ugonjwa huo hurudi karibu kila mwaka. Wakaandika katika madaftari, nami nikasahihisha kwa kalamu nyekundu.

Jumapili alfajiri tumbo la mtoto lilianza kuharisha. Jirani wa kulia alisema ni meno. Jirani wa kushoto alisema ni meno. Nilitazama kinywani, kweli palikuwa na gego linatoka, nikatulia. Kufika saa sita za mchana alikwisha kuharisha mara saba. Ndipo nilipofanya kosa la pili, lililo baya kuliko la kwanza: nilipunguza kumpa maji. Niliona kila anachokunywa kinatoka, nikawaza kwamba nisipotia, hakitatoka. Sikumwita mtu. Mama mkwe alikuwa karibu hatua mia mbili tu kutoka mlangoni pangu, lakini kumwita ilikuwa kukiri kwamba alisema kweli, nami nilingoja mke wangu arudi jioni. Jioni ilifika na upepo mkali ziwani, na boti hazikuja.

Usiku mvua ilirudi, ikapiga mabati hata sauti ya mtu isisikike. Mtoto alikuwa amelala kifuani pangu, mwepesi. Aliamka akalia, na katika mwanga wa taa niliona kwamba analia bila machozi. Midomo ilikuwa mikavu, macho yameingia ndani. Nilivuta ngozi ya tumbo lake kwa vidole viwili, sijui kwa nini, nikaiachia. Ikabaki imesimama kama kikwembe kilichokunjwa, kisha ikarudi polepole. Nilimtuma binti mbio katika mvua kwa bibi yake.

Mama mkwe alikuja na gunia kichwani, maji yakimtiririka. Hakutazama desturi yoyote. Alimtwaa mtoto mikononi mwangu, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu ndoa yetu, akasema, "Mwalimu, washa moto."

Makaa yaliyolowa hayakuwaka. Nikavunja kiti. Kilikuwa kiti changu cha kusahihishia madaftari, cha mti mzuri, na kiliwaka vema. Maji yalipochemka na kupoa, aliuliza kama ninayo chupa ya lita moja. Akapima: vijiko vidogo sita vya sukari, vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Alionja kwanza, alisema yasizidi chumvi ya machozi. Mambo hayo alijifunza kwa masista katika zahanati alipokuwa mama kijana, naye hajui kusoma. Kisha akanipa kijiko, akaniagiza nimpe mtoto kidogo kidogo, kijiko kimoja kila baada ya kuhesabu pole pole hadi sitini. Alipotapika tulingoja dakika kumi, tukaanza tena. Nilihesabu mpaka asubuhi. Sijapata kufanya hesabu ndefu namna ile.

Baadaye nimesoma habari za dawa hii, na nataka wasomaji nao wazijue. Katika mwaka 1971 vita viliwafukuza mamilioni ya watu kutoka nchi ambayo leo ni Bangladeshi, wakakimbilia Uhindi, na kipindupindu kikaingia kambini mwao. Daktari mmoja wa huko, Dilip Mahalanabis, aliishiwa na maji ya kutia katika mishipa. Akachanganya sukari ya glukosi, chumvi na magadi katika maji safi, akawapa jamaa za wagonjwa wawanyweshe. Kambini hapo walikuwa wakifa kama 30 katika kila wagonjwa 100. Kwa maji hayo walikufa chini ya 4. Sababu yake ni kwamba utumbo unaougua hauwezi kuyashika maji matupu, lakini sukari na chumvi zikifika pamoja hupokelewa, na maji huzifuata. Sukari ikizidi, au chumvi ikizidi, huleta madhara, ndiyo maana vijiko husawazishwa.

Kulipopambazuka mtoto alikojoa. Mama mkwe alipiga kigelegele, nami niliona mkojo ule kuwa kitu cha thamani. Tulipanda pikipiki katika matope mpaka kituo cha afya. Dereva alikuwa yule kijana wa kikwembe, hakupokea fedha. Mwuguzi alimpima, akasema si kipindupindu, na kwamba tungengoja mpaka jioni yeye angekuwa na maneno mengine ya kutuambia. Alitupa pakiti za unga wa kuchanganya na maji, na vidonge vya zinki vya siku kumi. Aliuliza kama mtoto bado ananyonya. Mama mkwe alinyamaza. Nikajibu mimi.

"Nani aliyewaambia mmwachishe sasa?" akauliza. "Mama akirudi, anyonyeshe. Mpaka miaka miwili na zaidi si aibu."

Mke wangu alifika Jumanne mchana na magunia yake matatu ya ndagala. Njia nzima kutoka kituoni nilikuwa nimefikiri namna ya kumweleza, au niseme ukweli, namna ya kutomweleza. Mtoto alikuwa ameanza kucheza, na mama mkwe, nilijua, asingesema lolote. Lakini mke wangu aliingia akaona chupa juu ya meza, na kijiko ndani ya kikombe, akatafuta kiti cha kukaa asikione. Akauliza, "Mwalimu, kiti kiko wapi?"

Nikamweleza yote, tangu mtungi hadi hatua mia mbili. Hakunilaumu. Alikaa chini kwenye mkeka, akafungua nguo yake, na mtoto akamwendea kwa hatua zake za kuyumba akisema "ma." Maziwa hayakuwa yamekauka. Alinyonya mpaka akasinzia, na mama yake akalia kimya, kichwa ameelekeza ukutani.

Mvua zimezoeleka sasa. Milima ya ng'ambo imeonekana tena, watu wanapanda mihogo na mahindi, na ufuko umejaa nyasi mbichi. Mtoto ni mkubwa, hukimbia, na huita vitu vingi kwa majina yake halisi. Ziwa la mama aliliacha mwenyewe kiangazi hiki, katikati yake, bila safari ya mtu. Mimi nina kiti kipya, si kizuri kama kile. Mama mkwe amerudia desturi, nami vile vile. Tukikutana hutazama pembeni.

Jumamosi iliyopita ilinyesha mvua kubwa, na mtoto alikuwa mlangoni na kikombe akitaka maji. Bibi yake, aliyejikinga chini ya baraza yetu, alimwita karibu.

"Mjukuu wangu, mwulize baba yako kama maji ya mtungini yamechemka."

"Mwanangu," nikajibu kutoka ndani, "mwambie bibi yamechemka tangu asubuhi."